Baba, Ngumi Yako Haikuwa Sifuri

Baba,

Kabla hujaisikia kwa mtu mwingine huko uliko, acha nikuambie mwenyewe. Nimeivunja ahadi. Ile uliyoniomba hospitalini, kule Baraka, ukiwa umenishika kifundo cha mkono, ukasema, "Usiambie mutu, Sifa. Hata Wilondja." Nimemwambia mdogo wangu Wilondja. Na jana, kaburini kwako, mbele ya watu wote, Wilondja naye akasema.

Nimekaa barazani, upande wangu. Daftari nimeliweka juu ya cherehani, kwa hiyo kalamu ikifika karibu na gurudumu mstari unapanda mlima. Utanisamehe. Wewe hukuvumilia mstari uliopinda, hata wa barua.

Upande wako wa baraza uko wazi. Meza ya randa ipo palepale, na penseli yako ipo kwenye ufa wa nguzo ulipoichomeka mwenyewe siku tuliyoteremka Baraka. Takataka za mbao nilizifagia siku ya mazishi kwa sababu watu walikuwa wanakuja. Zile zilizoingia kwenye nyufa za sakafu sikuzitoa. Mvua ikija na upepo zinalowa, halafu zinanukia kama asubuhi zako.

Tangu Mama alipotutoka tulikaa hapa miaka mingi, mimi nakanyaga cherehani, wewe unasukuma randa. Hatukuongea sana. Nilidhani huo ndio ukimya. Kumbe haukuwa ukimya, Baba. Sasa ndipo naujua. Siku nyingine nakanyaga cherehani bila kitambaa ndani, ili tu baraza lisikike.

Mwalimu mkuu alikuja mwezi uliopita. Madawati uliyoyatengeneza yameanza kulegea miguu, na alitaka kujua kama kuna mtu aliyejifunza kazi kwako. Nikamwambia hakuna. Akasimama kidogo akiangalia meza yako, akasema, "Fundi Asende alikuwa mutu wa nguvu. Alipasuliwa, hakuomba hata sindano." Akaenda. Wote husema hivyo, Baba. Hapa Fizi jina lako halitajwi bila neno hilo kulifuata nyuma kama mkia. Na kila wanapolisema mimi huinamisha kichwa juu ya kitambaa, kwa sababu neno hilo lilitoka kinywani mwangu.

Naomba niianze habari yenyewe tangu mwanzo. Unaijua yote, lakini hatukuwahi kuisema pamoja.

Ulikuwa unaficha tangu kiangazi. Ungefika katikati ya ubao, unasimama ghafla, unaweka kiwiko juu ya meza na kufumba jicho moja kama anayepima kama ubao umenyooka. Ubao ulikuwa umenyooka tangu zamani. Nilikucheka mara moja, nikasema, "Baba, huo ubao unauangalia kama unataka kuuoa." Ukacheka na wewe, jasho likiwa linakudondoka puani. Sikuliona jasho. Yaani nililiona, nikadhani ni la kazi.

Halafu siku ile ukakojoa damu, na Wilondja akatuteremsha kwa pikipiki yake, wewe katikati yetu kama gunia la unga, mimi nyuma nimekukumbatia. Kila shimo la barabara nililisikia mgongoni mwako kabla sijalisikia mwenyewe. Tulipoona ziwa ukasema, "Maji iko mingi namna hii, na mimi nimeshindwa kutoa kidogo." Wilondja alicheka nusura atuangushe.

Walikupiga picha, wakasema ni jiwe, limekaa kwenye figo la kushoto na limekua mno, haliwezi kutoka lenyewe. Inabidi wapasue ubavuni. Hukuuliza kitu. Uliuliza tu kama ni kwa upanga au kwa kisu.

Ndipo akaja yule wa kulalisha wagonjwa, Alimasi, kijana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alivuta kigoda akakaa chini yako, usawa wa magoti, kama mtoto aliyefundishwa adabu. Akakueleza kwamba wakimaliza kufunga kidonda atakuchoma ganzi kati ya mbavu, ndogo ndogo, kufuata njia ambayo mishipa ya maumivu hupita. Dawa ya ukoo mmoja na ile ya mganga wa meno. "Haikulalishe, mzee. Inalalisha ubavu tu. Na kesho ikiisha, tutachoma tena, mpaka kidonda itulie."

Ukasema, "Mutoto yangu, mi nilikatwa porini na kisu, nikiwa mudogo kuliko we. Sikulia. Sasa nizeeke ndiyo nililie sindano?"

Alimasi akatabasamu. Akasema hakuna anayekulazimisha, sindano ipo, ukibadili mawazo useme tu.

Mambo ya tohara, ya kule porini, sisi wanawake hatuyajui na sikuwahi kuuliza. Najua ulichotuambia wewe tukiwa wadogo: mtoto wa kiume akitoka kule amekunja ngumi, ameziba mdomo, na mama yake akimwona hivyo anapiga vigelegele. Ulimfundisha Wilondja. Alipochomwa na msumari ulimwambia, "Funga mukono, funga mudomo." Mimi nilichomwa na sindano ya cherehani mpaka kwenye mfupa, ukaniambia nilie. Nilifurahi siku ile kuwa msichana.

Kesho yake baada ya upasuaji, asubuhi, Alimasi alikuja. Uso wako ulikuwa na rangi ya majivu. Akauliza, "Mzee, toka sifuri mpaka kumi, inauma ngapi? Kama kusema ni ngumu, onyesha na vidole." Ukanyanyua mkono kutoka kwenye shuka. Ngumi. Vidole vyote ndani.

"Sifuri?" akasema. Hakuamini. Akanigeukia mimi niliyekaa kwenye mkeka, maana aliye kitandani anaweza kudanganya lakini anayelala chini ya kitanda huona yote. "Kweli, dada?"

Ukaniangalia. Sijui kama unakumbuka namna ulivyoniangalia.

Nikasema, "Kweli."

Alipotoka, ulirudisha mkono chini ya shuka, nikaona kitenge changu kile cha bluu chenye ndege, nilichokufunika nacho kwa ajili ya baridi. Kona yake ilikuwa mdomoni mwako. Ulikuwa unaiuma kama mbuzi anavyouma kamba. Uliponiona naona, ukaitoa, ukanishika kifundo cha mkono. "Bakiuliza, sifuri. Na hii usiambie mutu, Sifa. Hata Wilondja." Nikasema ndiyo. Ulinishika mpaka alama za vidole zikabaki.

Siku ya pili, ngumi. "Kweli, dada?" "Kweli." Siku ya tatu, hivyo hivyo. Alimasi alikuletea vidonge, ukavimeza. Alikuambia, "Mzee, vuta pumzi ndefu. Kohoa kidogo, toa ile inakaa chini." Ulitikisa kichwa, ukafanya kama mtu anayekohoa, sauti tu ya mdomoni. Akiondoka, pumzi zako zilikuwa fupi fupi, za juu juu, kama za mtoto aliyelia akanyamazishwa. Nilisikia kikohozi kikipanda kooni, na nilisikia ukikimeza. Nilikuwa nahesabu. Sijui kwa nini nilikuwa nahesabu badala ya kuita mtu.

Unamkumbuka Mama Esperansi wa kitanda cha jirani? Yule Mrundi wa kambi ya Lusenda, mumewe alipasuliwa tumbo. Siku ile mumewe alichomwa ganzi akaamka akiomba uji, naye akakugeukia, "Mzee, jiwe moja bametoa, kumbe ingine kubwa ndiyo imelala hapa kitandani!" Chumba chote kilicheka. Na wewe ulitaka kucheka, nikaona kicheko kinakuja, nikaona kinavyofika ubavuni na kugeuka kitu kingine. Ukageuza uso ukutani.

Baadaye tulikutana nje, kwenye majiko ya wanaolinda wagonjwa. Alikuwa anapuliza moto. Bila kuniangalia akasema, "Baba yako anasema sifuri, macho yanasema ingine. We ndiyo mudomo yake, binti."

Nikamjibu, "Kwetu baba ndiye mdomo."

Akapuliza moto wake.

Siku ya nne homa ikaja. Hewa haikuwa inafika chini ya mapafu, walisema, na uchafu umekaa humo. Walikimbia, Baba, siwezi kusema vingine. Walileta mashine ya hewa, walileta dawa ya kwenye mshipa, Alimasi hakukaa. Siku ya sita, jua lilikuwa limeshapanda, bamama wanaanika nguo kwenye nyasi, ukafungua macho ukasema, "Funga randa, mvua inakuja." Hakukuwa na mvua. Nikasema, "Nimefunga, Baba."

Halafu matanga. Unajua matanga yetu. Wanaume waliuliza namna ulivyokwenda, na mimi ndiye niliyekuwepo. Nikasema hukulia. Ilikuwa kweli. Wakauliza, "Haikumuuma?" Nikasema, "Alionyesha sifuri." Hiyo nayo ilikuwa kweli. Nilisema mambo mawili ya kweli na kwa pamoja yakawa uongo. Kabla jua halijazama, watu waliokuja kutoka Misisi na Baraka walikuwa wanasimulia kwamba Fundi Asende alipasuliwa ubavu na hakusikia kitu. Wilondja alikuwa amekaa kati yao. Alikuwa amekunja ngumi juu ya goti. Alikuwa anajivuna na analia kwa ndani, mdogo wangu, na mimi nilimwacha ajivune kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika.

Mwaka ukageuka. Naye Wilondja si unajua kazi yake ya pikipiki, Fizi kwenda Misisi, Misisi kurudi, vumbi, jua, chupa moja ya maji kutwa nzima ili asisimamesimame njiani. Kiangazi hiki alikuja hapa, akasimama pale ulipokuwa unasimama, akaweka kiwiko juu ya meza yako ya randa. Akafumba jicho moja.

Cherehani ilisimama yenyewe, Baba. Mguu wangu ulikataa.

Figo la kushoto. Hospitali ileile, chumba kilekile, si kitanda kilekile, nashukuru. Alimasi amenenepa kidogo, miwani ni mipya. Alinitambua kabla sijasema jina. Akakaa tena kwenye kigoda, akaeleza tena ganzi ya kati ya mbavu. Wilondja akamkata maneno, "Baba yangu alikataa. Na mimi nakataa." Alimasi akaniangalia. Nikaangalia sakafu.

Akanifuata kwenye baraza la hospitali. Akasema, "Dada, batu banafikiri hii sindano ni ya kubembeleza mugonjwa. Si ya kubembeleza. Ni ya pumzi. Mutu akipasuliwa huku ubavuni, kila pumzi inafungua kidonda, basi anavuta kidogo kidogo, anaogopa kukohoa. Chini ya mapafu inajikunja kama mufuko. Kisha homa. Ganzi inamupatia nafasi ya kukohoa, basi. Ongea naye. We anakusikia."

Nilimuuliza. Ilibidi nimuulize. "Na baba yangu, kama angechomwa, angepona?"

Alivua miwani akaipangusa kwa shati muda mrefu. "Sijui," akasema. "Siwezi kukudanganya. Alikuwa mzee, na mwili wake ulikuwa umechoka. Pengine angekwenda tu. Lakini mi niliamini ile ngumi, na sikupaswa kuamini ngumi."

Hakusema kwamba aliniamini mimi. Aliruka hapo, kwa wema wake, kama mtu anayeruka dimbwi ili asimrushie mwenzake matope.

Walimpasua Wilondja. Nilikaa kwenye benchi. Nilikuwa na kitenge cha bluu begani. Sijawahi kukiacha nikisafiri. Nilikuwa nashika ile kona na kidole changu kinaingia kwenye vitundu vya meno yako, viwili juu, kimoja chini, na kimoja ambapo nyuzi zimekatika kabisa. Mimi ni mshonaji, watu huniuliza kwa nini sikishoni. Nilikaa pale, nikawa nakuuliza. Nilikuuliza kweli, kwa sauti, mpaka mwanamke mmoja akasogea. Nikasema, Baba, niambie nifanye nini. Ulinifunga mdomo wewe, unifungue wewe. Hukujibu. Umekuwa mtu wa kutojibu, Baba, na sijazoea.

Asubuhi Wilondja alikuwa na rangi ya majivu. Alimasi akaja. "Toka sifuri mpaka kumi?"

Ngumi.

"Kweli, dada?"

Maneno yaleyale, sauti ileile. Na mdogo wangu ananiangalia kwa macho yako.

Sikumjibu Alimasi. Nilivua kitenge begani nikakiweka juu ya kifua cha Wilondja. Nikaichukua ile ngumi yake, nikavuta kidole kimoja kwa nguvu, alikuwa anakikaza, nikakiingiza kwenye tundu. Nikasema, "Hii ni meno ya Baba."

Hakuelewa. Nikamweleza. Nilisema yote, nimesimama, mbele ya Alimasi na wagonjwa wengine: ngumi ya siku tatu, kikohozi ulichokuwa unameza, na ahadi. Nilimwambia kwamba ilikuuma, ilikuuma kuliko kitu chochote, na kwamba mimi ndiye niliyesema kweli, kweli, kweli, mara tatu, kama Petro wa kwenye Injili, tena jogoo hakuwika hata nikashtuka.

Wilondja akawa anageuza ile kona, anahesabu vitundu. Kisha akasema, taratibu, akiniita dada mkubwa, "Yaya. Ni we ulisema sifuri?"

"Ni mimi."

"Na ukatuacha tumusifu?"

"Niliwaacha."

Akageuza uso ukutani, kama wewe. Nikadhani nimepoteza wote wawili. Alimasi amesimama na karatasi yake, haandiki. Halafu nikaona ule mkono, wa upande wangu, unafunguka juu ya shuka. Kidole gumba. Cha pili. Vitano vyote. Na mkono wa pili, wenye sindano ya maji, ukanyanyuka kidogo, vitatu.

"Nane," akasema ukutani. "Iko nane, muganga. Nichome."

Walimchoma akiwa amelalia ubavu mzima. Alimasi alitafuta mbavu kwa kidole, moja moja, kama wewe ulivyokuwa unatafuta msumari uliojificha ndani ya ubao wa zamani kabla hujapitisha randa. Akachoma, akasubiri, akashuka, akachoma. Sijui ilikuwa muda gani, lakini uji wangu ulikuwa bado na mvuke nilipoona mabega ya Wilondja yameshuka. Akavuta pumzi. Akashtuka mwenyewe kwa urefu wake. "Kumbe!" akasema. Ndiyo hiyo tu. Kumbe.

Wakampa mto aubane ubavuni. Wakamwambia akohoe.

Akakohoa.

Baba, akakohoa kikohozi kibaya, kizito, cha kutoka chini kabisa. Nilitoka nje. Nilikwenda kwenye majiko nikajifanya natafuta chumvi. Kilikuwa kile kikohozi chako. Nilikijua, nilikuwa nimekisikiliza siku tatu kikigonga mlango, na sasa kimefunguliwa kwa mwingine.

Amepona. Ubavu una kovu kama lako. Jiwe lake nimeliweka kwenye kichupa pamoja na la kwako, ukubwa wa haragwe kila moja. Lakini hajanisamehe vizuri. Alipokuwa anarudi Misisi hakuingia ndani, aliaga akiwa juu ya pikipiki, na injini inawaka. Hupiga simu siku za soko. Namuuliza, "Unakunywa maji?" Anasema, "Nakunywa." Kisha tunasikiliza simu, kila mmoja upande wake, mpaka mmoja aseme mtandao ni mbaya. Sina mwingine wa kuongea naye habari hizi. Majirani wananisalimia, wananiletea nguo za kufupisha, wananiambia nilikuwa na baba wa nguvu.

Ndiyo sababu jana nilikuwa naogopa. Tulimaliza matanga ya mwaka, tumelisakafia kaburi lako kwa simenti nzuri, Wilondja mwenyewe aliisawazisha kwa ubao wako mrefu. Hakuna sehemu iliyopinda, ungeipenda. Watu wakasimama kusema. Wa kwanza akasema, "Huyu muzee walimupasua ubavu, haikumuuma." Wa pili akaitikia. Nikainamisha kichwa kama kawaida yangu.

Wilondja akasema, "Ilimuuma."

Alikuwa ameshika ubao, simenti mpaka kwenye viwiko. Akasema, "Baba yangu ilimuuma sana. Alinyamaza, ndiyo. Lakini musiseme haikumuuma. Mi naijua ile maumivu, nimeilalia. Alinyamaza juu yake siku tatu, akauma kitenge mpaka nyuzi zikakatika. Mukitaka kumusifu, mumusifu na maumivu yake yote."

Mzee mmoja wa rika lako, sitamtaja, alikaa chini kwenye jiwe akafuta macho. Baadaye akaniita pembeni akaniuliza, kwa sauti ndogo, ile sindano inaitwaje, kwa sababu ana kitu tumboni ambacho amekuwa akikificha.

Wilondja hakutaja kwamba mimi ndiye niliyesema sifuri. Angeweza. Alininyooshea ubao nikauoshe, akarudi Misisi kabla ya chakula. Ubao ulikuwa umefutwa vizuri, lakini niliuosha hata hivyo.

Sasa umesikia yote, na umesikia kwangu. Kama umekasirika, kasirika. Nilikutii ukiwa hai na sijui kama kutii kwangu kulikuua. Nitaishi na hilo la kutojua. Alimasi amenipa hivyo na sina wa kumrudishia. Lakini ahadi ile niliivunja kwa ajili ya mwanao, na ningeivunja tena.

Badala yake nakupa nyingine. Kitenge sitakishona. Na kuanzia sasa, mtu wa nyumba yetu akilala kitandani na mimi nikiwa kwenye mkeka, akiniangalia kwa macho yale ili niseme hakuna kitu, nitasema kilichopo. Hata akiwa mkubwa kwangu. Hata akinishika mkono mpaka alama zibaki.

Mimi hakuna anayeniuliza, toka sifuri mpaka kumi. Kwa hiyo nakuambia wewe: kalamu naiweka chini, mikono yote miwili iko juu ya cherehani, vidole vimefunguka. Hesabu mwenyewe.

Randa nimefunga, Baba. Mvua ikija haitailowesha. Lala sasa, na wewe ufungue mkono.

Binti yako,
Sifa